Fulana nyeupe haitoshi: nguo, kofia na miwani kwa mtoto mwenye ualbino anayeshinda juani

SWALI: "Daktari, mwanangu wa kiume ana miaka 12 na ana ualbino. Tunaishi kando ya Ziwa Viktoria, mkoani Mwanza, na kazi yangu ni kuanika na kuuza dagaa. Siku za mapumziko hunisaidia mwaloni, pale ufukweni tunapoanika dagaa, na jioni hakosi mpira. Namvalisha kapelo na fulana nyeupe, kwa kuwa niliambiwa nyeupe hurudisha jua. Hata hivyo ameungua mabegani na mgongoni ndani ya fulana, masikio yamechubuka, na mdomo wa chini una kigaga kinachobanduka na kurudi. Ndugu yetu aliyeko ng'ambo ameahidi kumtumia nguo maalumu zilizoandikwa UPF 50, lakini ni ghali na zitakuja mbili tu. Je, nizisubiri? Nikimvalisha rangi nyeusi hataumia kwa joto? Miwani myeusi ya mnadani inamsaidia? Shuleni kofia haziruhusiwi, na mwalimu wa michezo anasema mikono mirefu ni kinyume cha sheria za mpira. Nifanyeje?"

JIBU: Mama, wasiwasi wako ninauelewa hivi: ulifanya ulichoambiwa, ukamfunika mtoto, na bado jua limemfikia, sasa unajiuliza kama kasoro iko kwenye nguo, kwenye ngozi yake au kwako wewe. Kasoro iko kwenye nguo, na inaweza kurekebishwa hapo hapo Mwanza bila kusubiri mzigo wowote. Lakini kabla ya nguo sina budi kuanza na jambo ulilolitaja kwa kupita tu, nalo ni kigaga cha mdomoni.

Kigaga kwenye mdomo wa chini kinachobanduka na kurudi palepale, kwa mtu mwenye ualbino, si cha kupaka mafuta ya mgando na kungoja. Mdomo wa chini umeelekea juu, kwa hiyo hupokea jua kuliko wa juu, na ngozi yake ni nyembamba. Kwa umri wa mwanao, mara nyingi tunachokikuta ni ngozi iliyoanza kubadilika kwa sababu ya kuunguzwa mara kwa mara, ambayo bado haijawa saratani na hutibika kwa kugandishwa na naitrojeni ya maji (gesi iliyopoozwa mno hadi ikawa kimiminika) au kwa dawa ya kupaka. Hata hivyo, hakuna daktari anayeweza kuitofautisha na saratani kwa kusoma maelezo, na wakati mwingine hata tukiitazama kwa macho hatuwezi, mpaka tuchukue kipande kidogo tukipeleke maabara. Mpeleke wiki hii kwenye kliniki ya ngozi, na kwa mlioko Mwanza hospitali ya rufaa ya Bugando ndiyo iliyo karibu. Baada ya hapo shika kanuni hii: kidonda, kigaga au kinundu ambacho hakijapona ndani ya wiki nne, kinachotoa damu kikiguswa, au kinachokua upesi, kionwe na daktari; na hata kama haonekani kuwa na chochote, akaguliwe ngozi yote, kuanzia utosini hadi kwenye nyayo, kila baada ya miezi sita.

Sasa tuje kwenye fulana. Jua hutuletea vitu vitatu kwa pamoja: mwanga tunaouona, joto tunalolihisi, na miale ya urujuanimno, ambayo hatuioni wala hatuihisi mpaka ngozi iwe imekwisha kuungua. Ushauri wa kuvaa nyeupe unatokana na hivyo viwili vya kwanza, na kwa hivyo viwili una ukweli, maana nguo nyeupe hurudisha mwanga na joto kuliko nguo nyeusi. Miale ya urujuanimno ina tabia nyingine. Ikifika kwenye pamba nyembamba nyeupe hugonga nyuzi, hutawanyika humo ndani, na sehemu yake hutokea upande wa pili na kuingia kwenye ngozi. Rangi iliyokolea huimeza miale hiyo ndani ya uzi wenyewe, ikaishia hapo.

Hiyo UPF aliyokutajia ndugu yenu ni kipimo cha kiasi cha miale kinachopenya kwenye nguo. UPF 50 maana yake ni kwamba hupenya sehemu moja tu kati ya 50, yaani asilimia 2. Fulana nyeupe ya pamba ya kawaida ikiwa kavu hufikia kama 7, kwa hiyo huruhusu takribani sehemu moja kati ya saba. Ikilowa hushuka hadi kama 3, na hapo theluthi moja ya miale inapita. Sababu ni kwamba maji hujaza nafasi zilizokuwa na hewa kati ya nyuzi, na miale ikakosa cha kuitawanya. Ndiyo maana fulana nyeupe iliyolowa huonyesha mwili. Mtoto anayekimbiza mpira hulowa jasho mabegani na mgongoni, na anapoinama mwaloni kupanga dagaa, kitambaa huvutika hapo hapo, nyuzi zikaachana. Sehemu mbili ulizozitaja kuwa zimeungua ndizo ambazo fulana yake hulowa na kuvutika zaidi.

Naomba pia usilinganishe na wenzake wanaocheza kifua wazi bila kudhurika. Katika ngozi yenye rangi, chembechembe za melanini, yaani ile rangi ya ngozi, hukaa juu ya kiini cha kila seli na kukikinga. Katika ngozi ya mwanao kinga hiyo haipo au ni kidogo mno, na miale hufika moja kwa moja kwenye vinasaba vilivyomo ndani ya kiini. Mwili hurekebisha sehemu kubwa ya uharibifu huo, lakini haumalizi, na kinachobaki hujilimbikiza mwaka hadi mwaka. Wapo wazazi wanaoniambia kwamba mtoto "atazoea" jua, kwamba ngozi itakuwa sugu. Haitakuwa. Ngozi isiyotengeneza melanini haina njia ya kuzoea, na kila kuungua huongeza uharibifu juu ya ule wa zamani.

Basi utafute nguo ya namna gani? Wewe ni mtu wa dagaa, na unajua kwamba anayetaka kuuzuia samaki mdogo hutazama ukubwa wa tundu la nyavu kabla ya kutazama kingine chochote. Kwenye nguo nako anza na matundu. Kitambaa kilichofumwa kwa kubanana, kama kaki, drili au jinzi, hushinda kwa mbali kilicholegea. Shati la jinzi la rangi ya bluu iliyokolea huzuia miale karibu yote, na mitumba imejaa mashati hayo. Baada ya matundu tazama rangi: nyeusi, bluu ya giza, kijani kilichokolea, nyekundu nzito. Kisha tazama uzi wenyewe. Poliesta humeza miale ya urujuanimno vizuri kuliko pamba, hainywi maji kama pamba, na hukauka upesi, kwa hiyo jezi ya poliesta ya mikono mirefu, yenye rangi nzito, ndiyo nguo ninayoipendelea kwa mtoto mchezaji. Lakini ziko jezi zilizotobolewa vitundu vidogo vingi makwapani na mgongoni ili zipitishe hewa, nazo hupitisha jua pia.

Unaponunua, ingiza mkono ndani ya nguo, ivute kidogo kama itakavyovutika begani, kisha washa tochi ya simu nyuma yake. Ukiona umbo la vidole vyako waziwazi, iache. Ukiona mwanga hafifu tu, au usione kitu, ichukue. Kipimo hiki hakitoi namba, na kwa kuwa mwanga tunaouona si sawa na urujuanimno hakiwezi kuwa kamili, lakini kwa mnunuzi aliyesimama mbele ya fungu la mitumba sijui kilicho bora kuliko hicho. Nguo iliyochakaa, iliyopauka au iliyofuliwa kwa dawa ya kung'arisha mpaka nyuzi zikalainika, hata kama zamani ilikuwa nzuri, irudishe kuwa ya ndani ya nyumba. Kanga moja peke yake ni nyepesi mno kwa kazi hii. Ikikunjwa mara mbili na kuwekwa mabegani inasaidia, na kitenge kizito chenye rangi nyingi kinasaidia zaidi.

Kuhusu joto, hofu yako ina msingi, na sitaki uipuuze, kwa sababu mtoto anayeona nguo yake inamtesa ataivua mara tu utakapogeuka. Nguo nyeusi inayobana mwili itamchosha kweli. Ikiwa pana, mambo hubadilika: mwaka 1980 watafiti walichapisha vipimo vya joto chini ya kanzu nyeusi na nyeupe za Mabedui wa jangwani, wakakuta kwamba joto lililofika kwenye ngozi lilikuwa sawa, kwa kuwa lile la ziada lililonaswa na kanzu nyeusi lilichukuliwa na hewa iliyopita kati ya kanzu na mwili. Kwa mwanao maana yake ni kumnunulia shati kubwa kidogo kuliko mwili wake, lenye kola, lenye mikono inayofika kwenye vifundo vya vidole, na refu kiasi cha kutotoka kwenye suruali anapoinama. Nimeona watoto wengi wenye mstari mwekundu wa kuungua kiunoni kwa sababu ya shati lililopanda. Maji ya kunywa yawe karibu. Akianza kuumwa kichwa, kupata kizunguzungu au kichefuchefu, aingie kivulini na alegeze nguo huko huko, asizivulie juani.

Zile nguo za ndugu yenu si ulaghai. Zimepimwa, ni nyepesi kuliko jinzi, na kwa mpira ni nzuri sana. Akizileta, mshukuru. Ila mtoto anahitaji kufunikwa siku saba za wiki, na nguo mbili hazitoshi hata kwa kufua na kuanika, tena ndani ya mwaka atakuwa amezikua, na kuanzia hapo zitambana na kuvutika, na kipimo kilichoandikwa kwenye lebo hakitakuwa kile tena, kwa sababu kwa kawaida hupimwa kitambaa kikiwa kipya, kikavu na hakijavutwa. Kama bado hajazinunua, ningemwomba fedha hiyo ielekezwe kwenye miwani na kofia nzuri, vitu ambavyo ni vigumu zaidi kuvipata vilivyo bora sokoni kwetu, na mashati mkayatafuta mnadani.

Kofia ndiyo sehemu ambayo nadhani tunakosea wengi. Kapelo hukinga paji la uso na pua, basi. Masikio, mashavu na kisogo huachwa wazi, na kwa watu wenye ualbino saratani nyingi za ngozi hutokea kichwani na shingoni. Anahitaji kofia ya pama yenye ukingo wa sentimita 7.5 au zaidi pande zote, takribani upana wa vidole vinne vya mtu mzima, na kamba ya kidevuni ili upepo wa ziwa usiichukue. Kofia ya ukili ni nzuri kwa hewa, lakini ishike juu ya kiganja chako juani: ukiona vidoa vya mwanga mkononi, vidoa hivyo vitakuwa usoni mwake, basi mpe fundi cherehani aishonee bitana ya kitambaa kizito. Fundi huyohuyo anaweza kuiokoa kapelo mliyo nayo kwa kuiongezea kipande cha kitambaa kinachoanzia kwenye panja moja la uso, kikapita juu ya masikio na kisogo, mpaka panja la pili, na kikashuka hadi kwenye kola. Kwa mpira wa uwanjani, ambako pama hupeperuka, hiyo kapelo yenye mkia ndiyo inayofaa.

Miwani ya mnadani inawezekana inasaidia, inawezekana inadhuru, na kwa kuitazama tu huwezi kujua. Weusi wa kioo hauhusiani na uwezo wake wa kuzuia urujuanimno. Kioo cheusi kisicho na kinga hupunguza mwanga, mboni ikapanuka, na miale ikaingia kwa wingi zaidi ndani ya jicho. Tafuta iliyoandikwa UV400 kutoka kwa muuzaji unayemwamini, kisha uipeleke kwa daktari wa macho, maana kliniki nyingi za miwani zina kifaa cha kuipima kwa dakika moja. Safari hiyo ina faida nyingine. Watu wenye ualbino huwa na uoni hafifu na macho yanayochezacheza, na mwanao huenda anahitaji lenzi za kusomea. Lenzi za plastiki ya polikaboneti, hata zikiwa angavu kabisa, huzuia karibu urujuanimno wote, kwa hiyo miwani ileile inaweza kufanya kazi zote mbili. Uwanjani ifungwe kwa mkanda unaozunguka kisogo.

Losheni ya kuzuia jua hukuiuliza, na huenda ni kwa sababu huwa haipatikani au ni ghali. Nafasi yake ni pale ambapo nguo haifiki, yaani usoni, masikioni, kwenye mgongo wa viganja, na juu ya miguu kama amevaa kandambili. Watu huipaka nyembamba kuliko inavyopaswa, hutoka kwa jasho, na lazima irudiwe kila baada ya saa mbili, wakati shati hulivai mara mbili. Ukiipata, tumia yenye SPF (kipimo cha nguvu ya losheni) 30 au zaidi, ipakwe kama dakika 20 kabla ya kutoka. Hapa nchini kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikitengeneza losheni ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, nayo hugawiwa kupitia kliniki zao. Uliza siku utakayompeleka. Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania nacho kinaweza kukuelekeza. Mafuta ya nazi, ya mgando na ya alizeti hulainisha ngozi tu. Usiyahesabu kuwa kinga.

Kuna jambo moja la saa ambalo watu wa kanda ya ziwa hawaambiwi. Ushauri wa kawaida ni kukwepa jua kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Lakini saa zetu zimepangwa kwa meridiani (mstari wa longitudo) ya nyuzi 45 mashariki, nayo Mwanza iko karibu na nyuzi 33, magharibi zaidi, ambako jua huchelewa kufika. Kwa hiyo kwenu jua hufika juu kabisa karibu na saa saba mchana, si saa sita, na kipindi kizima cha hatari husogea mbele karibu saa nzima. Mpira unaoanza saa kumi bado umo ndani ya jua kali. Ukianza saa kumi na moja, anapata muda wa kutosha wa kucheza kabla giza halijaingia, kwa miale iliyopungua sana. Mwaloni mambo ni kinyume: kazi yake iwe ya asubuhi, kutandaza dagaa, na kugeuza mchana ufanye wewe au mwingine. Mchanga mkavu hurudisha kama asilimia 15 ya miale, kwa hiyo uso ulio chini ya pama huguswa kutoka chini, na mawingu mepesi hupitisha sehemu kubwa ya urujuanimno ingawa joto limepungua. Mwinuko wa ziwa nao, ambao ni zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, huongeza makali kidogo kuliko pwani.

Kwa upande wa shule, omba kliniki ikuandikie barua inayosema kwamba kofia, mikono mirefu na miwani ni sehemu ya matibabu yake, umpelekee mwalimu mkuu wewe mwenyewe, na mkubaliane juu ya gwaride la asubuhi, kazi za bustani na kiti chake darasani, ambacho kiwe mbele ili aone ubao na kisiwe dirishani. Walimu wengi wakielezwa hukubali. Wanachokataa ni kofia za urembo.

Mwalimu wa michezo naye mweleze kwa upole kwamba sheria namba 4 ya mpira wa miguu inataka jezi iwe na mikono na haikatazi mikono mirefu. Inaruhusu fulana ya ndani ilimradi ifanane na rangi kuu ya mkono wa jezi, taiti zinazofanana na rangi kuu ya kaptura, miwani ya michezo isiyo na hatari, na hata kitambaa cha kichwani kilicho cheusi au chenye rangi kuu ya jezi, kisichoshonwa kwenye jezi na kisicho na sehemu inayochomoza. Kapelo imetajwa kwa golikipa peke yake, ila sioni sababu ya kumlazimisha mtoto adake kama anapenda kufunga. Kwa hiyo mazoezini avae kapelo yenye mkia. Kwenye mechi yenye mwamuzi avae kitambaa cha kichwani kinachofunika masikio na kisogo, na uso upakwe losheni kabla ya mechi na wakati wa mapumziko. Mechi ikipangwa saa nane mchana, omba isogezwe. Isiposogezwa, acheze kipindi kimoja, na kile kingine akae chini ya mti akiwa na pama lake, mbali na benchi la akiba, kwa sababu anayekaa tuli juani dakika 40 huungua sawasawa na anayekimbia.